Lucien wa Muchanga na Makala

Emérence alikuwa jirani yangu kule Cimpunda, mutaa wa Bukavu, mulango yake ikiangalia mulango yangu, na tulikuwa pamoja mu Legio ya Maria. Ninaandika juu yake kwa sababu watu wameongea sana, na wengi wameongea vibaya. Kuna wanaosema alikuwa mulozi. Wale wa kusoma wanasema alikuwa artiste. Mimi nilimujua akipepeta unga wa mihogo mbele ya nyumba, akiimba kwa sauti ya puani, akichelewa misa kila Siku ya Mungu kwa sababu hakuona foulard yake ya kichwa. Alikuwa mwanamuke kama sisi. Lakini alikuwa na hasira moja, na ile hasira ilikuwa na mikono.

Ilikuwa miaka ya Zaïre. Majina ya ubatizo ilikatazwa ku karatasi, kila mutu alipaswa kuitwa kwa jina la babu zake, lakini mu nyumba tuliendelea kuitana namna padri alituita siku ya maji. Kwa hiyo nitaandika Emérence, nitaandika Lucien bwana yake, na yule mwingine nitamuandika Gaston, hata kama yeye alitaka tumuite citoyen Birindwa, ndiyo Mwananchi Birindwa, na tusimame wima tukimuita.

Emérence alizaliwa Kalehe, karibu kabisa na ziwa. Mama yake alisuka mikeka ya mafunjo, na yeye mutoto alichezea kile maji ilitupa: maganda ya konokono, mizizi, majiwe mepesi yenye matundu, ile inatoka upande wa Goma na sisi tunasugulia miguu. Alipoolewa akakuja Bukavu, hakuacha. Kila Noëli yeye ndiye alitengeneza pango la Yesu mu parokia, na hakutaka sanamu za kununua. Mwaka mumoja Yusufu alikuwa na ndevu za mizizi ya matete zinafika mpaka magoti. Ngombe alikuwa jiwe lenye matundu. Mutoto Yesu alikuwa ganda moja jeupe ndani ya majani makavu. Sisi wamaman tulicheka mpaka tukashika tumbo. Padri alicheka pia, halafu akauliza:

"Emérence, hivi vitu unavitoa wapi?"

"Kwa ziwa, mon père. Ziwa inatoa, mimi ninapanga."

Bwana yake Lucien aliendesha boti ya mbao yenye motere, kutoka Bukavu mpaka Kalehe na kurudi. Alikuwa murefu, mupole, na jino moja la mbele lilikosekana. Kamba ya motere ilimurudia mu mudomo siku moja alipokuwa anawasha. Alipolala, aliweka mukono mumoja chini ya kichwa kama mutu anasikiliza redio. Boti haikuwa yake. Ilikuwa ya Gaston, mwenye maboti mengi, na Gaston alikuwa yaya yake, ndugu yake mukubwa wa baba moja. Bichi pia, ndiyo pale maboti inaegeshwa na watu wanapanda, ilikuwa ya Gaston. Alijenga bureau ndogo yenye dirisha inaangalia maji, akikaa ndani na abacost, ile suti ya wakubwa wa wakati ule, ya rangi ya kahawa, feni ikimupuliza, akihesabu kwa macho mutu anayepanda na mbuzi anayepanda, yote sawasawa.

Siku hizo Lucien alirudi nyumbani na uso mubaya. Alimuambia muke yake, mimi nikiwa nimekaa pale ninachambua majani ya sombe:

"Ubao wa chini umeoza. Ukibonyeza na kidole, kidole kinaingia. Nimemuambia yaya. Yaya anasema weka bati."

"Bati juu ya ubao wa kuoza?"

"Ignace ameshapiga misumari. Amepaka na gudroni, ile lami ya kuziba maji. Yaya anasema itafika."

Ignace alikuwa fundi wa boti pale bichi, muzee mwenye kofia ya manyasi. Alifanya kile aliambiwa, kwa sababu alikula kwa Gaston.

Siku ya soko ya Kalehe, boti ilijaa. Makala, mihogo, mbuzi, watu. Lucien alisema inatosha. Gaston mwenyewe alikuwa Kalehe siku ile. Alisimama ku mwamba kando ya boti, akapaza sauti: "Wewe ni dereva ama ni mwenye boti? Pakia!" Wakaongeza magunia ya makala. Katikati ya ziwa, ubao ulifunguka. Kuna waliookolewa na wavuvi. Kuna ambao hawakuokolewa, na kati yao mudogo wa Adolphine, yule muuza nyanya wa soko la Kadutu. Na Lucien. Wengine walionekana. Lucien hakuonekana. Ziwa letu ni la kina sana, wakati mwingine inabaki na mutu.

Sasa sikilizeni vile Gaston alifanya. Kwa kilio, ndiyo matanga, alitandika mukeka mu kiwanja, akaweka juu yake koti ya Lucien, tupu, mikono yake imekunjwa. Akasimama mbele ya watu wote, machozi inateremuka, akasema: "Ndugu yangu alikuwa amelewa. Mungu amurehemu. Alichukua boti yangu nzima akiwa amelewa."

Lucien! Mutu ambaye kasiksi ya harusi, ile pombe ya ndizi, ilimukalia mu kikombe mpaka nzi wanaogelea ndani.

Watu waliamini. Ni rahisi kuamini mwenye abacost. Toka siku ile Emérence alipopita soko, wamaman waliangalia miguu yao. Watoto wake waliitwa watoto wa mulevi. Adolphine aligeuza kitunga cha nyanya upande mwingine, ili Emérence asiguse hata kwa kivuli.

Kila asubuhi Emérence alishuka ku ziwa kutafuta bwana yake. Hakumupata. Alipata ubao. Maji iliuleta ku muchanga mbele ya bichi, urefu wa mutu, umevunjika upande mumoja, na bati ya Gaston bado iko juu yake, misumari na gudroni, kama plasta juu ya kidonda. Akaubeba ku bega mpaka kwa ofisi ya wakubwa. Mukubwa mumoja aliangalia ubao, akaangalia Emérence, akasema:

"Bibi, ubao hauongei."

Alirudi akaketi mu nyumba yangu. Nilimupatia chai, hakukunywa. Nikamuambia tusali rozari. Tukasali. Alipomaliza alisema:

"Constance, ninataka Gaston aseme kwa mudomo yake mwenyewe kama Lucien hakukunywa. Kwa padri mu kiti cha toba, hapana. Pale bichi. Mbele ya watu."

"Samehe, Emérence. Bwana Yesu alisamehe."

"Nitasamehe. Akisema."

"Na asiposema?"

Aliangalia mikono yake. "Ubao hauongei," alisema. "Basi nitautafutia mwili."

Nyinyi ambao hamukukaa kandokando ya maji, inafaa niwaeleze desturi moja ya wale watu wa maboti. Mutu aliyekufa mu ziwa akitupwa ku muchanga, yeyote anayepita anaweka juu yake kitu kibichi, jani ao nyasi, hata kama hamujui. Wageni hawamuinui. Wanangojea ndugu. Na ndugu wa kwanza kumuinua lazima aongee naye, akimushika, kabla ya kumuweka chini: wewe ni fulani, maji ilikukuta hivi na hivi. Ukweli. Anayedanganya akiwa anamushika, ziwa imemuandika. Siku atakayopanda boti, itamukumbuka. Padri hakupenda maneno ile, lakini hakuikataza. Na mimi ninafikiri, Mungu anisamehe, Gaston alipenda sana kama ndugu yake hakuonekana. Juu ya koti tupu mutu anaweza kusema lolote.

Emérence alianza kutengeneza Lucien.

Wa kwanza alikuwa wa muchanga tupu. Alimulaza mbele ya bichi, uso juu, akielekeza macho ku dirisha ya Gaston. Kabla ya saa sita mawimbi ya boti kubwa ilimukula, miguu kwanza. Emérence hakulia. Aliketi anaangalia vile anakwenda, namna gani maji inaingia chini ya kisigino, wapi inasita. Kesho yake alimuhamisha juu kidogo, pale maji inalamba tu. Akajaribu udongo mwekundu. Jua ikaupasua, na Lucien akaonekana muzee kama baba yake. Akachanganya udongo na matete ya kukatakata, ukashika. Akajaribu magamba ya samaki kwa ngozi, lakini paka walikuja. Akajaribu majani ya mafunjo kwa nyama ya mikono, akizungusha na kufunga na mizizi, na ile ilikuwa nzuri, mukono ulikuwa na mishipa. Kile kilichoharibika hakukitupa. Alikiingiza ndani ya kile kilichofwata.

Mugongo ulikuwa ule ubao. Aliulaza na bati ikiangalia muchanga, akafungia kila kitu juu yake.

Na nywele, na nyusi, alizitengeneza na makala. Ilikuwa makala ya boti ile ile. Wiki nyingi ziwa iliendelea kurudisha vipande, vinakuja kimoja kimoja mu povu, na yeye alivikusanya mu kitambaa. Macho yalikuwa maganda ya konokono, upande wa ndani unaong'aa. Meno yalikuwa majiwe madogo meupe. Na pale mbele aliacha tundu.

Ni tundu ile iliwashitua watu. Nilikuwa pale asubuhi abiria wa Kalehe walishuka na mizigo. Walikuwa wanacheka, wanasukumana. Mumoja akaona mutu analala, mukono chini ya kichwa. Akakaribia. Akaona jino halipo.

"Yesu Maria! Lucien!"

Kicheko kilikufa. Halafu muzee mumoja, bila kuambiwa, alikata jani la matete akaliweka juu ya kifua. Yule wa nyuma yake akaweka lake. Hawakufikiri, mikono yao ilizoea. Jioni Lucien alifunikwa na majani mabichi mpaka shingo, na Emérence alikuwa amesimama kando, mikono imekunjwa, anaangalia dirisha ya Gaston. Dirisha ilifungwa.

Alikuja kila siku. Alitengeneza kile jua iliharibu, aliondoa majani makavu, alisafisha macho. Abiria walianza kupanda boti ku bichi ya jirani. Nani atapita juu ya mufu kwa kwenda kupanda boti ya mwenye mufu? Wale waliobaki walipanda wakigeuza uso.

Adolphine naye alishuka siku moja kutoka soko, foulard imefungwa kiunoni kama mutu wa kupigana.

"Wee Emérence! Mulevi wako aliua mudogo wangu, na sasa unafanya dawa hapa?"

"Dawa inafichwa, Adolphine. Mimi niko mu jua."

"Ondoa kitu hii!"

"Ndugu yake ndiye atamuondoa. Muulize kwa nini anafunga dirisha. Joto yote hii, na feni imeharibika, na anafunga dirisha."

Adolphine aliangalia ile dirisha. Alipanda mulima bila kuaga. Lakini niliona: alipopita karibu na miguu ya Lucien, aliinama haraka, akaangusha jani bichi.

Gaston alikuja kwanza na maneno ya sukari. Alifika Cimpunda, kwa miguu, mu matope yetu, amebeba pagne, kitenge mupya kabisa, ndani ya karatasi.

"Shemeji," alisema, "kilio kimeisha. Vaa, upendeze. Watu wanacheka familia yetu."

"Gaston," alisema Emérence.

"Citoyen Birindwa."

"Gaston. Nikisema Lucien alikuwa anakunywa, ni uongo ao ni ukweli?"

"Shemeji, tuache ya zamani…"

"Basi chukua pagne yako. Lucien wangu anavaa tu kile ziwa inamupa, na mimi ninavaa kile yeye aliniachia."

Akaweka ile karatasi juu ya kichwa ya Gaston, vizuri kabisa, kama vile tunaweka kitunga, akaingia mu nyumba. Gaston alisimama pale na pagne ku kichwa. Watoto wa mutaa walishangilia. Mimi nilijificha nyuma ya mulango, rozari mu mukono, na niliuma mudomo nisicheke. Nilicheka.

Kuna mwalimu mumoja wa dessin, wa kuchora, pia, Honoré, mutu wa college, mwenye miwani. Alikuja ku bichi na wanafunzi wake, akazunguka Lucien, akapiga magoti, akagusa muchanga na kidole.

"Maman, hii ni kazi ya ajabu. Ni art expérimental. Tuibebe mu salle yetu ya maonyesho, watu wa Kinshasa watakuja kuiona."

"Aksanti, maître. Lakini siyo ya kuona. Ni ya kungojea."

"Kungojea nani?"

Akamuonyesha dirisha na kidevu. Mwalimu aliangalia dirisha, akaangalia tundu ya jino, na yeye naye akakata jani.

Basi Gaston alichoka na maneno ya sukari. Alimukimbilia chef wa quartier, mukubwa wa mutaa, rafiki yake, wakatangaza salongo. Muliokuwa watu wazima wakati ule munakumbuka: siku ya posho, ndiyo Jumamosi, kila mutu na jembe ao ufagio, kazi ya wote, na asiyekuja anajieleza. Salongo ile ilikuwa ya kusafisha bichi ya citoyen Birindwa. Sisi wote wa Cimpunda tulishuka. Hata wamaman wa soko walifunga vitunga wakashuka, Adolphine kati yao.

Mimi ninaona ile ndiyo kosa Gaston alifanya. Angemuacha Lucien, mvua ya mwezi wa kumi ingemumaliza. Lakini yeye aliita muji mzima, akatupanga musitari, na majembe yetu, mbele ya mufu wake.

Alisimama katikati, abacost imepigwa pasi, viatu vyeusi.

"Bacitoyen, bacitoyennes! Hii takataka, munaiona? Muitupe mu maji. Halafu mufagie."

Watu waliangalia majembe.

"Ninaongea na nani? Ignace! Wewe unakula hapa. Anza."

Ignace alivua kofia yake ya manyasi. "Citoyen, mimi si ndugu yake. Siwezi kumuinua."

"Kumuinua nani? Ni muchanga!"

Emérence alikuwa amekaa ku jiwe, karibu na kichwa cha Lucien, akipangusa makala ku vidole na kitambaa. Hakusimama. Alisema kwa sauti ya kila siku, kama anauliza bei ya chumvi:

"Kama ni muchanga tu, Gaston, inua."

"Citoyen Birindwa!"

"Inua, Gaston. Ni muchanga."

Mutu mumoja nyuma alicheka puani. Gaston alisikia. Uso yake ilijaa damu. Akaingia kati ya majani kwa mateke, majani ya watu wote, ikaruka huku na huku, akainama, akaingiza mikono yake chini ya mabega na akavuta.

Alifikiri itavunjika. Na sisi tulifikiri itavunjika. Lakini Emérence alikuwa ameifunga vizuri, mizizi juu ya mizizi, siku kwa siku. Lucien aliinuka muzima. Miguu yake ya matete ilining'inia. Na kichwa kikaanguka polepole ku bega ya Gaston, kama mutu amechoka sana anarudi kwa ndugu yake.

Mwanamuke mumoja alipiga kelele. Alipoacha, nilisikia tu maji.

"Umemuinua," alisema Ignace. "Ongea naye."

"Nyinyi ni wajinga…" Gaston alitaka kumuachilia.

"Usimuweke chini, citoyen. Hujaongea. Wewe ni mutoto wa Kalehe kama sisi, unajua. Hauwezi kumuweka chini."

Gaston alituangalia. Musitari wake mwenyewe, wa majembe na mafagio, ulikuwa umekunjika, umekuwa duara, na yeye ndani. Pita wapi? Akajikaza, akatafuta ile sauti yake ya kilio.

"Wewe ni Lucien, ndugu yangu," alisema. "Maji ilikukuta ukiwa ume…"

Boti moja ilipita mbali kule, na wimbi lake lilifika, dogo tu, likapanda juu ya viatu vyake vyeusi, likashuka. Aliangalia viatu. Mimi ninasema ni wimbi la boti. Lakini sikuwa ndani ya viatu vyake.

Na Lucien alianza kumumwangikia. Kifua kilipasuka pale alipokishika kwa nguvu. Muchanga ulitiririka ku abacost, maganda ya macho yalianguka, moja likaingia mu mufuko wake. Makala ilimuchora shavu na shingo. Akakaza kushika, na zaidi alikaza, zaidi kilimwangika, mpaka kile kilichobaki mu mikono yake kilikuwa ubao tu, na bati iko mbele ya pua yake, misumari na gudroni.

"Bati hii," alisema. Aliongea polepole, kama anaota.

"Bati ya nani, Gaston?" alisema Emérence.

"Bati yangu."

"Ongea na ndugu yako. Siyo na mimi."

Gaston alifunga macho, paji la uso juu ya ubao.

"Lucien, hukukunywa," alisema. "Uliniambia ubao umeoza. Nikasema bati itafika. Ulikataa makala, na mimi nikakupakilia."

Watu walivuta pumzi wote mara moja. Mimi nilifanya alama ya musalaba. Nilifikiri sasa imeisha, sasa Emérence atalia, tutamushika, tutaimba.

Emérence alisimama toka ku jiwe. Akakunguta pagne yake.

"Rudia," alisema. "Wa nyuma hawakusikia."

Gaston alimuangalia kama mutu anazama anaangalia mutu wa ku mwamba.

"Rudia!"

Alirudia. Sauti ilipanda, ikavunjika kwa neno makala. Na alipomaliza, ni Adolphine alitoka mu duara, ufagio mu mukono, machozi na kamasi juu ya uso.

"Rudia," alisema Adolphine. "Mudogo wangu alikuwa ndani. Rudia, nisikie vizuri."

Akarudia. Halafu baba mumoja ambaye mutoto yake alikuwa ndani. "Rudia, citoyen." Halafu mwingine. Kila nyumba ilitaka yake. Chef wa quartier, rafiki yake, alikuwa ameshaondoka, sijui saa gani. Gaston alirudia mpaka sauti ikawa kama ya jogoo mugonjwa, amekumbatia ule ubao, na kila mara alipotaka kuuweka chini, Ignace alitikisa kichwa: bado. Emérence alisikiliza yote, kichwa kimeinama upande kidogo, vile alisikiliza kwaya kama inaimba vizuri. Mimi ni mutu wa kusali, sipendi kuona mutu akiaibika. Siku ile nilipenda.

Mwishoni alimukaribia, akachukua ubao toka mu mikono yake, akaubeba ku bega.

"Sasa fagieni," alituambia. "Ni salongo."

Tukafagia. Muchanga ulirudi mu muchanga.

Gaston hakupanda boti tena hata siku moja. Bichi ilibaki tupu, matete ikaota mu mulango ya bureau, na mwisho alihamia Kamanyola, kule mu bonde, mbali na ziwa. Wanasema hata kule, akisikia mutu anasema "rudia" kwa jambo lingine kabisa, anageuka.

Na soko? Asubuhi ya kufwata, wamaman wote wa soko walimusalimia. Adolphine alisimama, akachagua nyanya zake nzuri kabisa, akajaza kitunga, akamunyoshea na mikono miwili. "Maman Emérence, chukua. Bure. Salamu yako."

Emérence aliangalia nyanya. "Zamani nilikuwa na njaa ya salamu," alisema. "Sasa nimeshiba." Akapita, akanunua nyanya ndogondogo za muuzaji wa pembeni. Nilimukemea njiani. Alisema nyanya ndogo ziko na utamu.

Mwezi wa kumi na mbili ulifika, akatengeneza pango la Yesu kama kila mwaka. Nilimusaidia kubeba matete. Ngombe wa jiwe, Yusufu na ndevu yake, Mutoto mu majani. Na dari ya pango, nilipoona nilishika kifua: ilikuwa ule ubao. Mu parokia ile ndimo familia yote ya Gaston ilisali, muke yake, mashangazi, wote. Wote watapiga magoti pale.

"Emérence," nilisema kwa sauti ya chini, "uliahidi. Ulisema utasamehe akisema. Amesema mpaka sauti imekauka."

"Niliahidi, na nitasamehe. Mungu aanze. Mimi niko nyuma yake, ninakuja polepole."

"Basi toa hata bati tu. Ni Noëli."

Alirudi nyuma hatua moja, akaangalia kazi yake, kichwa upande. Alisogeza ganda la Mutoto Yesu kidogo, lipate mwanga. Halafu akapanda ku kiti, akashika ubao na mikono miwili, akaugeuza, ili bati iangalie watu.